Chumba Kimejaa: Dalili, Chanzo na Cha Kufanya

Malalamiko huwa yale yale, "nafasi hakuna", lakini chanzo chake hakifanani kutoka nyumba hadi nyumba. Homa nayo iko hivyo: yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa taifodi, yaweza kuwa jua la kutwa nzima, na anayemeza dawa kabla ya kupima hupona kwa bahati tu. Kwa chumba kilichojaa, dawa inayokimbiliwa ni kupanga upya siku nzima, au kununua maboksi ya plastiki yenye mifuniko na kuvificha humo vitu ambavyo hakuna aliyeamua hatima yake. Baada ya wiki mbili kuna vitu vile vile, na maboksi juu.

Hapa nitatumia chumba cha kupanga cha Dar es Salaam, futi kumi kwa kumi, maana wengi tunakijua kwa macho na kwa magoti. Mwenye nyumba kubwa zaidi atakuta dalili ni hizo hizo, ila kwake zimechelewa kuonekana.

Pima kwanza

Azima futikamba. Futi kumi kwa kumi ni futi za mraba 100, yaani mita za mraba 9 na ushee. Kitanda cha sita kwa sita kinameza 36. Kochi la watu watatu, lenye urefu wa futi sita na nusu na kina cha futi tatu, linameza karibu 20. Kabati la nguo la futi tano kwa mbili, 10. Meza ya televisheni, 6. Jumla 72. Mlango unaofungukia ndani unataka kama futi tisa za kuzungukia. Zimebaki 19, na hapo hujaingiza ndoo ya maji, jiko, mtungi wa gesi wala mtoto.

Sasa funga macho uondoe kichwani kila kitu kinachobebeka kwa mkono mmoja. Je, sakafu imeonekana? Kama bado unapita kwa ubavu, anza na sehemu inayofuata. Kama imeonekana, samani zako hazina kosa. Ruka uende mbele.

"Hata nikitoa vitu vyote, bado napita kwa ubavu"

Chanzo ni samani zilizonunuliwa kwa ajili ya nyumba ambayo bado hujajenga. Hili ni la kawaida sana kwetu: mtu ananunua seti nzima ya makochi "ya kuhamia nayo kwangu", na inakaa miaka ikimsukuma ukutani.

Mshtakiwa wa kwanza ni kitanda. Kutoka sita kwa sita kwenda tano kwa sita unarudishiwa futi 6 za mraba. Ukishuka hadi nne kwa sita unarudishiwa 12, eneo kubwa kuliko lile la kabati la nguo. Anayelala peke yake kwenye sita kwa sita anatumia zaidi ya theluthi ya kodi yake kulipia godoro.

Kama kitanda hakibadilishiki, angalia uvungu. Vitanda vingi vya sasa vinachongwa vifupi kwa sababu ya mtindo, na chini yake hakuna kinachoingia isipokuwa vumbi na kandambili moja. Uvungu wa inchi 16 hadi 18 unapokea begi la safari, ndoo iliyolazwa, na kreti. Fundi anaweza kuongeza miguu kwa gharama ndogo kuliko kitanda kipya. Tahadhari moja kuhusu vitanda vya droo, ambavyo dukani vinavutia sana: droo ya futi mbili inataka futi mbili tupu mbele yake, na wewe unataka mahali pa kuchuchumaa. Kwenye chumba chembamba droo hizo hufunguka nusu, na nusu ya nyuma hugeuka makumbusho.

Makochi nayo. Jiulize ni mara ngapi kwa mwezi watu watatu hukaa hapo kwa wakati mmoja. Viti vya plastiki vinavyopandana, stuli mbili na mkeka mzuri vinapokea wageni wengi kuliko kochi, na wakiondoka vinasimamishwa pembeni. Pwani kumkaribisha mtu mkekani si dharau. Najua wapo watakaobisha, hasa wakwe wanapotarajiwa; basi baki na kochi la watu wawili, uuze lingine.

Mwisho hapa, mlango. Kwenye chumba na sebule, mlango wa kati unaweza kung'olewa bawaba na kuwekewa pazia zito. Utapata futi kadhaa bila kuuza chochote. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na ubao wenyewe usiutupe: utaudaiwa siku ya kuhama.

"Nikipanga Jumapili, Jumatano kumerudi vile vile"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia zaidi, na hutibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu wenye nyumba huanza kulaumiana. Mama analaumu watoto, watoto wanalaumiana, baba amenyamaza na soksi zake.

Fanya jaribio. Okota vitu vitano vilivyozagaa sasa hivi: chaja, mkasi, kanga, daftari, kopo la mafuta ya kujipaka. Kwa kila kimoja muulize kila mtu wa nyumba, mmoja mmoja: hiki hukaa wapi? Majibu yakitofautiana, kitu hicho hakina kwao. Hakuna nidhamu itakayokirudisha mahali ambapo hapapo. Majibu yakifanana lakini kitu kiko sakafuni, mahali pake papo ila pana usumbufu: mkasi uko ndani ya sanduku, juu ya sanduku kuna beseni, ndani ya beseni kuna pasi. Atakayeutumia mara moja ataurudisha? Harudishi, hata ungekuwa wewe.

Kipimo ninachokiamini ni mkono mmoja. Kinachotumika kila siku kichukuliwe na kurudishwa kwa mkono mmoja, bila kuhamisha kingine. Kinachotumika kwa mwezi kinaweza kudai mikono miwili. Kinachotumika kwa mwaka ndicho kiende uvunguni kabisa au juu ya kabati.

Kiti chenye mlima wa nguo ni mfano mzuri. Zile si chafu, kwa hiyo haziendi kwenye tenga la kufulia. Zimevaliwa mara moja, kwa hiyo hutaki zikae na safi. Ni kundi la tatu ambalo kabati halikulifikiria. Lipatie vining'inizo vinne nyuma ya mlango, na kiti kitarudi kuwa kiti. Wanaoishi nyumba za bafu la pamoja wana kundi lingine: taulo, sabuni, mswaki, dodoki, kandambili. Yote yakae kwenye kikapu kimoja kinachobebwa kwenda na kurudi, kikatundikwa karibu na mlango.

Kutundika ni maarifa ya zamani sana kwetu. Susu ilining'inia darini ikiwa na chakula, mbali na paka na sisimizi, wala haikudai hata inchi ya sakafu. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Wajenzi walitumia unene wa ukuta: wakaweka zidaka, safu kwa safu, za kuhifadhia vitu na kupamba. Chumba chembamba, ukuta unafanya kazi, sakafu imebaki ya watu.

Wewe huna ukuta wa kuchimba kidaka, lakini unao wa kubeba shelfu. Tazama juu ya mlango: kati ya fremu na dari kwa kawaida pana futi mbili ambazo hazifanyi kazi yoyote. Kabla ya kutoboa, gonga ukuta. Tofali la saruji hutoa sauti nzito na hushika vizuri kwa drili, plagi ya plastiki na skrubu. Misumari ya zege yatosha kwa kofia na mikoba, si kwa shelfu la vyombo. Ukuta wa mbao nyembamba uliogawa chumba usiutwishe kitu. Dari la jipsamu usilitwishe kabisa, hata begi tupu.

"Kabati limejaa, lakini nguo za kuvaa sina"

Fungua utazame ni nguo za nani. Mara nyingi utakuta za watu watatu: wewe wa leo, wewe wa kabla ya kunenepa, na wewe wa harusi za watu.

Sare za shughuli ndizo zinazokula kabati la mwanamke wa mjini. Kitenge cha kicheni pati ya jirani, dera la harusi ya mtoto wa shangazi, gauni la kamati. Kila moja limevaliwa siku moja, na rangi ilichaguliwa na mwenye shughuli, si na wewe. Kujua kipi kinakaa, usitegemee kumbukumbu; tegemea kufua. Kwa mwezi mzima, kila nguo inayotoka kwenye kamba irudi upande wa kulia wa kabati. Mwisho wa mwezi, zilizobaki kushoto zimejitaja zenyewe. Toa humo koti la mvua, nguo za ibada na suti ya msiba, maana hizo zina majira yake.

Zilizobaki zipeleke kwa fundi cherehani: dera moja hutoa foronya kadhaa, kitenge cha sare hutoa pazia la dirisha dogo au aproni. Kanga kuukuu haina mwisho, kuanzia mbeleko hadi dasta. Nguo za watoto zilizobana wape wenye watoto wadogo mapema, kabla hazijapitwa; usizifungie kwenye kiroba kwa ajili ya mtoto ambaye hamjaamua kama atakuja. Na ukituma nguo kijijini, tuma zile ambazo wewe mwenyewe ungemvalisha mtoto wako kwenda nazo dukani. Ndugu si jalala.

Mtego mmoja: wale wanaopita mitaani wakibadilisha nguo kuukuu kwa vyombo vya plastiki. Utatoa magauni manne, utapata beseni la nane.

"Makabati ya vyombo mawili, tunakula kwenye sahani zile zile nne"

Hapa hakuna uvivu wowote, kuna heshima. Seti ya sahani ni ya wageni. Hotpoti sita ni zawadi. Chupa za chai tatu bado zina karatasi ya dukani. Kabati lenye vioo lenyewe limekaa mahali pazuri kuliko pote sebuleni, likionyesha vitu visivyoguswa.

Hesabu hivi: kwa mwaka uliopita, siku uliyopokea wageni wengi kuliko zote, walikuwa wangapi waliokula kwa wakati mmoja? Kama ni wanane, baki na sahani za wanane pamoja na wenyeji. Siku ya watu 50 hutatumia vyombo vyako hata hivyo. Siku hiyo watu hukodi sahani, sufuria na viti, au huazima kwenye kikundi cha akina mama cha mtaa. Kwa hiyo sufuria kubwa ya pilau inayotoka mara moja kwa miaka miwili ingekaa vizuri zaidi kwenye kikundi, ikapata kazi kila wikendi.

Zawadi zina ugumu wake: "Aliyenipa akija ataiulizia." Basi itumie. Hotpoti iliyo mezani na ugali ndani yake itaonwa na aliyeitoa kabla ya ile iliyo ndani ya boksi. Za kawaida, zile za kila siku zenye mfuniko uliopasuka, ndizo zitoke. Kusema kweli, sijaona nyumba iliyojuta kuanza kulia vyombo vizuri.

Na maboksi. Boksi la televisheni, la feni, la blenda, yote juu ya kabati "kwa ajili ya waranti". Soma kadi ya waranti. Mara nyingi kinachodaiwa ni risiti. Risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi ya joto na hufifia, kwa hiyo ipige picha leo. Boksi la kitu dhaifu libaki hadi muda wa kurudisha bidhaa upite, kisha likunjwe liende. Mende hupenda makunyanzi ya maboksi na gundi yake.

"Nusu ya vitu hivi si vyangu"

Godoro la mdogo wako aliyekwenda chuo. Friji bovu la dada aliyehamia Mwanza. Mabegi mawili ya mtu ambaye "atakuja kuchukua". Anayekaa mjini hugeuka ghala la ukoo, na kusema ni vigumu kwa sababu kusema kunaonekana kama kufukuza.

Ujumbe usizungumzie nafasi yako; uzungumzie usalama wa kitu, utaje siku, na utoe njia mbili. Kwa mfano: "Shikamoo dada. Lile friji lako bado ninalo, lakini limeanza kuota kutu upande wa chini na mvua zinakaribia. Nilifanyeje: nimpe fundi alitazame kwa gharama yako, au niwaite wa vyuma chakavu nikutumie hela itakayopatikana? Mwisho wa mwezi fundi anapita huku, nijulishe kabla." Hapo dada ana la kuchagua, na kukaa kimya hakumfaidii. Kwa mdogo wako huhitaji mzunguko wote huo: mwambie tarehe na jina la basi litakalobeba mzigo.

Vitu vya marehemu viko nje ya kanuni hizi. Mpaka mirathi ishughulikiwe si mali yako kugawa, hata kama vinazuia mlango. Orodhesha, piga picha, vifunge pamoja, na umkabidhi orodha msimamizi au mkubwa wa familia. Kuvihamishia kona moja kunaruhusiwa. Kuvipunguza kimya kimya kumevunja undugu mwingi.

"Kuna harufu, na wadudu hawaishi"

Harufu ya ukungu kwenye nguo: kabati limebanwa na ukuta wa nje, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, ukuta unatoa unyevu usio na pa kwenda. Livute inchi mbili au tatu, acha milango wazi mchana mmoja kila wiki, na usiweke ngozi na suti kwenye mifuko ya nailoni. Pakiota tena mahali pale pale hata baada ya kuvuta, tafuta bomba linalovuja au paa. Hilo ni la mwenye nyumba.

Wadudu kwenye unga na maharage: ulinunua kiroba kikubwa kwa sababu ya bei, mnakula kidogo. Hamishia kwenye ndoo zenye mfuniko unaokaza, na usimimine mpya juu ya ya zamani.

Kunguni: usianze kwa kupunguza vitu. Ukihamisha godoro na makochi kwenda kwa jirani umewasambaza. Kwanza ua, kwa kufua na maji ya moto kuanzia nyuzi 60, kuanika juani, na kupata mpulizaji anayejua kazi, ndipo upange.

Jambo moja lisingoje zamu yake. Mtungi wa gesi usikae uvunguni wala ndani ya kabati lililofungwa, hata kama hapo ndipo penye nafasi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na kwenye uvungu itasubiri kiberiti. Usimame wima, penye hewa, mbali na moto. Na ukiona betri ya simu ya zamani imevimba ndani ya droo, iondoe leo, bila kuitoboa.

"Nimetoa viroba vitatu, na bado kumejaa"

Basi shida ni mlangoni. Kwa mwezi mmoja andika kinachoingia ambacho hukukipanga: makopo ya siagi yaliyooshwa, chupa za maji, mifuko ya kubebea, vikombe vya matangazo, kalenda za kila duka. Kila kundi lipe chombo kimoja. Kikijaa, kinachozidi kinatoka hata kama ni kizuri.

Ila kuna vitu vinavyoitwa mrundikano kimakosa. Madumu ya maji ni bima dhidi ya mgawo, na anayeishi mtaa ambao maji hutoka kwa zamu asiaibishwe na picha za vyumba vyeupe vitupu. Unachoweza kupunguza ni sakafu yanayokalia: pipa moja la lita 100 hukaa eneo dogo kuliko madumu matano ya lita 20 yaliyosimama. Lakini chagua mahali kabla ya kulijaza. Likijaa lina kilo 100, na halihamishwi hadi liishe.

Ukipita dalili zote hizi na bado kuna vitu halali, vinavyotumika, vyenye mwenyewe, na havina pa kukaa, hapo agiza kabati bila kusita. Mpe fundi vipimo vya ukuta na vya mlango pia, pamoja na kona ya korido, kwa sababu makabati mengi hukwama hapo. Miguu iwe na kimo cha kupitisha ufagio. Milango iwe ya kuteleza kama kitanda kiko karibu. Na aliunganishe kwa boliti, asitumie gundi na misumari, ili kodi ikipanda liweze kufunguliwa na kutoka vipande vipande.